Kaka yangu anao, nami ninao: je, chakula kinaweza kunyamazisha jeni za ukoo wetu?

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Nina miaka 34, nimeolewa na nina binti wa miaka 8. Mwaka juzi nilipimwa kwa kamera nikaambiwa nina ugonjwa wa Crohn, ule ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo na kuuvimbisha kwa muda mrefu; wangu uko upande wa mwisho wa utumbo mwembamba. Haukuwa mgeni kwetu. Kaka yangu mkubwa anao tangu ujana wake na ameshakatwa sehemu ya utumbo. Mama aliposikia na mimi ninao, alilia, akasema, "Basi ni wa damu, hakuna la kufanya."

Nilianza na stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kisha nikapewa vidonge vya kutuliza kinga ya mwili ambavyo natakiwa kuendelea navyo kwa muda mrefu. Maumivu yalipungua na kuharisha kukakoma. Lakini dawa hizi zinanitisha, na kadiri ninavyosoma madhara yake ndivyo hofu inavyozidi. Katika hofu hiyo nikakutana na mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe ya jeni. Anapima mate, kisha anakuuzia unga wa mimea ambao anasema unazima jeni mbaya. Ameniambia unga hautafanya kazi nisipoacha vidonge.

Mshauri, kwa sasa nimeacha maziwa, ngano, maharagwe, matunda na mboga karibu zote. Nakula wali mweupe, kuku wa kuchemsha na mayai. Tumbo limetulia, lakini nguo zinanipwaya na nachoka mapema. Vidonge nameza leo, naviruka kesho na keshokutwa.

Naomba uniambie ukweli. Je, chakula hubadilisha jeni kweli? Kama ni kweli, mbona daktari hakuniambia? Na binti yangu nimpimishe, nimlishe nini? Kuna usiku silali, nawaza labda ni ulaji wangu ulioniletea haya, na sasa ninampikia yeye vilevile.

Mama wa binti mmoja

* * *

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sitaanza na jeni. Nitaanza na vidonge unavyoviruka, maana hatari ya leo iko hapo.

Ugonjwa wa Crohn unaweza kunyamaza huku ukiendelea kuula ukuta wa utumbo. Mtu hukaa bila maumivu na vidonda vipo. Vikipona na kurudi, vikipona na kurudi, huacha makovu, na makovu hubana njia ya chakula. Wengi hufikishwa kwenye upasuaji kwa njia hiyo. Kwa hiyo tumbo lililotulia kwa wali mweupe bado halijakuthibitishia kwamba utumbo umepona. Vipimo ndivyo vinavyothibitisha: kamera, damu, na kile kipimo cha choo kinachotafuta kalprotektini, protini inayoachwa na chembe nyeupe za damu zinapojazana kwenye utumbo uliovimba. Onana na daktari wako wiki hii umweleze yote, pamoja na siku unazoruka na unga uliouziwa. Dawa ya kutuliza kinga inayomezwa kwa kurukaruka inakuachia hatari zake na kukunyima sehemu kubwa ya faida yake. Kama unayotumia inakutisha, zipo nyingine, na kuomba kubadilishiwa ni haki yako. Kuacha kimyakimya ndiko kunakonitia wasiwasi.

Sasa jeni. Huyo muuzaji amechukua jambo la kweli akalitumia kuuza uongo, ndiyo maana maneno yake yamekuingia. Hebu tulitenganishe.

Mpangilio wa DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo jeni ni vipande vyake, uliorithi kwa wazazi wako haubadilishwi na chakula, wala na unga wowote. Utakufa nao kama ulivyozaliwa nao. Kinachobadilika ni matumizi yake. Kila seli ya mwili wako ina jeni karibu zilezile, lakini seli ya ukuta wa utumbo husoma baadhi tu na kuziacha nyingine zimelala. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye rili. Palipokazwa, jeni haisomeki. Palipolegea, inasomeka, na protini yake inatengenezwa. Kukaza na kulegeza huko kunaongozwa na alama ndogo za kikemia. Asetili ikibandikwa kwenye histoni, mara nyingi hulegeza. Methili ikibandikwa kwenye DNA penyewe, mara nyingi hunyamazisha. Alama hizi hubandikwa na kubanduliwa, na malighafi yake hutoka kwenye tunachokula: methili, kwa mfano, hutegemea virutubisho kama foleti, kolini na vitamini B12.

Kwa ugonjwa wako, lililo muhimu kuliko yote linafanyika ndani ya utumbo mpana, na wanaolifanya ni bakteria. Sisi hatuna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi nyingi za mimea. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba zikiwa nzima, zinafika chini, na huko bakteria huzichachusha. Katika kuchachusha hutoa asidi fupi za mafuta, na moja yao inaitwa butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda utumbo mpana. Sehemu kubwa ya nishati yao hutoka humo. Tena ina kazi ya pili. Huingia ndani ya seli na kuzuia vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni, hivyo baadhi ya jeni zilizokuwa zimekazwa hulegea na kusomeka. Mwaka 2013 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha, kwa panya, kwamba asidi hizi fupi huongeza seli za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wengine wa mwili wasishambulie ovyo. Upungufu wa utulivu huo ndio unaosumbua utumbo wenye Crohn.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, chakula hufika hadi kwenye jeni. Lakini tazama njia yenyewe: nyuzinyuzi, bakteria, butireti, histoni. Na ukuta wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Seli iliyopata butireti leo, wiki ijayo haipo tena. Aliyechukua nafasi yake naye anahitaji kulishwa. Hakuna jeni inayozimwa mara moja ikabaki imezimwa kwa sababu ya unga wa kopo. Anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu ambacho mwili haufanyi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana, uliochapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wote wazima, wakabadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipewa nyuzinyuzi zaidi ya gramu 50 kwa siku na mafuta kidogo. Wenzao wakapewa nyama na mafuta kwa wingi, nyuzinyuzi kidogo. Walipopimwa tena kwa kamera, Wamarekani walikuwa na butireti nyingi kuliko mwanzo na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo mpana zilikuwa zimepungua. Kwa wale wa Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume kabisa. Wiki 2 tu. Utafiti huo unanipa matumaini na unanipa tahadhari kwa wakati mmoja, kwa sababu kinachojengeka haraka hivyo hubomoka haraka vilevile.

Mama yako naye ana sehemu ya ukweli. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo NOD2 huongeza uwezekano wa kuugua Crohn. Jeni hiyo hutengeneza protini inayohisi vipande vya ukuta wa bakteria, yaani ni miongoni mwa walinzi wanaotambua nani yuko karibu na ukuta wa utumbo. Tangu hapo maeneo zaidi ya 200 ya DNA yamehusishwa na magonjwa ya uvimbe wa utumbo, na mengi kati yake yanahusu namna kinga inavyoishi na bakteria. Hata hivyo watu wengi wenye mabadiliko ya NOD2 hawaugui maisha yao yote. Na pacha wa kufanana, wenye DNA moja, mmoja akiwa na Crohn mara nyingi mwenzake hana. Kama damu ingekuwa inaamua kila kitu, hilo lisingewezekana. Mpe mama habari hiyo. Kilio chake kinahitaji jibu, na jibu lipo.

Nawe naomba uache kujilaumu. Hakuna mtu anayeweza kutazama sahani yako ya zamani akasema chakula hiki ndicho kilichokuletea Crohn. Urithi, bakteria, sigara, antibayotiki za utotoni, ulaji, vyote vinatajwa, na kwa mgonjwa mmoja mmoja hakuna anayejua kilichoangusha mizani.

Ulichoniuliza kuhusu daktari wako kinastahili jibu la wazi. Huenda muda ulikuwa mfupi. Huenda pia alijua kwamba ugonjwa ukiwa umewaka, dawa hutangulia. Na hapa kuna jambo ambalo ningependa likuondolee sehemu ya hofu: dawa nazo zinagusa jeni. Stiroidi uliyopewa mwanzoni ilifanya kazi kwa kuingia hadi kwenye kiini cha seli na kunyamazisha jeni za uvimbe, ikiwa ni pamoja na kuita vimeng'enya vya kukaza DNA katika maeneo hayo. Sindano wanazopewa wagonjwa wengine wa Crohn huikamata protini iitwayo TNF, ambayo ni zao la mojawapo ya jeni hizo, kabla haijaleta madhara. Unachokitafuta kwenye unga wa huyo bwana ulishaandikiwa, kikiwa kimepimwa kwa wagonjwa wengi na kina daktari anayefuatilia madhara yake. Chakula husukuma upande uleule, kwa nguvu ndogo na kwa muda mrefu. Hakuna sababu ya kimwili ya vitu hivyo viwili kugombana. Anayekutaka uache kimoja ili kingine kifanye kazi, mwogope.

Tuje sasa kwenye sahani yako, ambayo inanihuzunisha. Kukata kila kinachouma ni jambo la kibinadamu, na wagonjwa wengi wa Crohn hulifanya. Lakini unapungua, unachoka, na bakteria wako wana njaa. Mwaka 2016 watafiti waliwanyima panya nyuzinyuzi wakaona bakteria wakigeukia ute unaofunika ukuta wa utumbo na kuula wenyewe, hadi ute ukawa mwembamba na vijidudu vya maradhi vikapenya kwa urahisi. Panya si binadamu, nami sitaki kukutisha kwa panya. Nataka tu uone kwamba sahani isiyo na mmea ina gharama hata kama haiumi.

Hata hivyo usikimbilie leo kwenye bakuli la maharagwe. Kosa hili ndilo linalowafanya wagonjwa waape kwamba mboga ni sumu. Nyuzinyuzi huleta nafuu pale tu palipo na bakteria wa kuzichachusha, na utumbo uliovimba mara nyingi umewapoteza. Mwaka 2023 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, aina fulani za nyuzinyuzi zikibaki bila kuchachushwa zinaweza kuchochea uvimbe badala ya kuutuliza. Na kama una sehemu iliyobana kwa makovu, maganda, mbegu na mboga mbichi zenye nyuzi ngumu zinaweza kukwama na kukuletea dharura. Swali la kwanza kwa daktari wako basi ni hili: je, nina mahali palipobana? Jibu lake litaamua mengi.

Ikiwa hapajabana na vipimo vinaonyesha umetulia, rudisha vyakula kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, vikiwa vimepikwa vikalainika. Karoti iliyochemshwa na kupondwa. Kiazi kilichomenywa. Shayiri iliyopikwa ikaiva sana. Ndizi iliyoiva. Dengu zilizokobolewa na kusagwa baadaye kidogo, vijiko viwili, si sahani. Mpe kila kimoja siku kadhaa kabla ya kuleta kingine, na uandike. Gesi kidogo mwanzoni si ugonjwa kurudi. Ni bakteria wanaanza kazi. Damu, homa, maumivu makali, kutapika au tumbo kujaa na choo kukwama ni jambo lingine: hapo unaacha na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, lakini hiyo ni ya mtu mwenye utumbo mzima. Wewe huna haja ya kuifukuzia namba hiyo mwezi huu.

Vyakula vilivyochachushwa, kama mtindi usio na sukari, navyo vina nafasi. Mwaka 2021 utafiti mdogo wa watu wazima wasio wagonjwa ulionyesha kwamba waliokula vyakula hivyo kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini kadhaa za uvimbe katika damu zao zikashuka. Wenzao walioongeza nyuzinyuzi hawakupata matokeo yanayofanana wote. Yalitegemea bakteria waliokuwa nao tangu mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza kwenda polepole.

Upande wa kupunguza, ningeanza na vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana. Tazama lebo: emalsifaya E466 na E433, zinazowekwa ili mafuta na maji visitengane, zilileta uvimbe wa utumbo kwa panya wenye udhaifu wa kurithi katika utafiti wa 2015. Mwaka 2022 E466 ilijaribiwa kwa watu wazima wachache wenye afya, kwa kiasi kikubwa, na ikapunguza asidi zile fupi za mafuta. Kwa baadhi yao bakteria walisogea karibu na ukuta wa utumbo kuliko inavyopaswa. Sidai kwamba kijiko kimoja kitakuangusha. Ila kwa mtu ambaye walinzi wa mpaka wake ni dhaifu kwa kuzaliwa, sioni sababu ya kuwasogeza wageni karibu kila siku. Na kama unavuta sigara, acha. Kwa Crohn hilo lina uzito kuliko chakula chochote nilichokitaja.

Kuna pia lishe inayotumika kama tiba halisi, na ungependa kuijua kabla hujanunua unga mwingine. Watoto wenye Crohn hupewa fomula ya maji yenye virutubisho vyote, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8, na wengi wao hutulia, hata vidonda vikaanza kupona. Kwa watu wazima inafanya kazi pia, shida ni kuvumilia. Ipo lishe nyingine inayochanganya sehemu ya fomula hiyo na vyakula maalumu vya kawaida. Utafiti wa 2019 kwa watoto ulionyesha kwamba inavumilika vizuri zaidi. Na mwaka 2021 wagonjwa watu wazima walilinganishwa kati ya lishe kali ya kukata wanga mwingi na ulaji wa mtindo wa Mediterania: mboga, matunda, kunde, samaki, mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 6 waliopata nafuu ya dalili walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Mateso ya kukata zaidi hayakuwaongezea kitu. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe anayejua magonjwa ya utumbo. Hizi si lishe za kujianzishia jikoni peke yako, hasa ukiwa umepungua hivyo. Mwambie pia akupime damu, madini ya chuma, B12 na vitamini D. Sehemu ya utumbo inayougua kwako ndiyo hasa inayofyonza B12, na uchovu wako unaweza kuwa umeanzia hapo.

Kuhusu binti yako, usimpimishe jeni. Kipimo hakitakuambia kama ataugua, na kitakupa kitu cha kumtazamia kwa hofu kila akishika tumbo. Uwezekano wake uko juu kuliko wa mtoto mwingine, lakini watoto wengi wa wazazi wenye Crohn hawaugui. Huenda umesoma kuhusu njaa ya Uholanzi ya 1944–45, na jinsi watu waliotungwa mimba wakati ule walivyokutwa, miaka 60 hivi baadaye, na alama pungufu za methili kwenye jeni moja ya ukuaji. Ni utafiti wa kweli. Lakini ile ilikuwa njaa ya vita, watu wakifa. Haihusiani na mama aliyekula vibaya siku fulani. Usiubebe mzigo huo.

Mlishe kama mtoto mwenye afya, kwa sababu ndivyo alivyo: kunde, nafaka zisizokobolewa, mboga na matunda ya aina nyingi, mtindi, samaki, mayai. Usimkatie maziwa wala ngano eti kwa kinga. Asivutiwe sigara karibu, wala asipewe antibayotiki ambazo daktari hakuandika. Akikuona unarudisha chakula mezani kidogo kidogo bila woga, naye hatajifunza kukiogopa.

Mpime urefu na uzito mara kwa mara na uandike. Kwa mtoto, Crohn wakati mwingine huonekana kwanza kwenye kimo kilichosimama, kabla ya kuharisha. Akiacha kukua, akipungua, akipata damu kwenye choo, vidonda vya mara kwa mara karibu na njia ya haja kubwa au homa zisizoeleweka, mpeleke umwambie daktari kwamba wewe na mjomba wake mnao ugonjwa huu. Sentensi hiyo moja itamwokoa miezi ya kuzungushwa.